Pimamaji na Hatua Mia Sita

Historia hii ilisomwa katika ukumbi wa karakana ya baraza la mji, tarehe 22 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mbele ya waombolezaji wapatao mia mbili, na inaandikwa hapa kama ilivyosomwa, pamoja na makosa yake, kwa sababu mjane wa marehemu amesema wazi kwamba kwenye jalada la familia hataki nakala iliyopigwa pasi.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye sentensi ya kwanza. Msomaji, ambaye ni shemeji wa marehemu, mdogo wake mjane, mtu mzima wa miaka hamsini na saba anayeitwa na watoto wa dada yake Mjomba Mabegi kwa kuwa maisha yake yote amekuwa ama anafika ama anaondoka, alisimama, akavaa miwani, akakohoa kikohozi cha watu wa maana, kisha akatangaza, kwa sauti iliyofika mpaka nje yanakopangwa matoroli, kwamba tumekusanyika kwa huzuni kubwa kumsindikiza mpendwa wetu Mzee Mizinga. Mzee Mizinga alikuwa amekaa safu ya pili, kofia juu ya goti, mzima wa afya. Aliitazama tu saa yake ya mkononi, kama mtu anayetaka kujua amebakiwa na muda gani. Fundi bomba mmoja aliyechelewa kufika alivua kofia na kumuuliza jirani yake, huyu naye lini tena.

Msomaji aliomba radhi na kulitaja jina linalostahili, yaani marehemu Pimamaji, lakini ni haki waombolezaji waelezwe kwamba kosa lile halikutoka hewani. Mzee Mizinga ni mfuga nyuki, na shamba lake limekaa katikati ya bonde, mahali ambapo njia alizochimba marehemu, zile za watembeaji na za baiskeli, hazina pengine pa kupita isipokuwa kwake, kwa urefu wa hatua mia sita. Ruhusa ya kupita hapo aliitoa kwa mdomo, na aliitoa kwa uhai wa marehemu tu. Kwa hiyo tangu tarehe 19 mwezi huu ruhusa hiyo haipo, njia zote zimekatika vipande viwili visivyofika popote, na ni msomaji huyu aliyepewa na dada yake kazi ya kuiomba upya leo, kabla watu hawajatawanyika. Mtu aliyelala na jina moja kichwani ataamka nalo mdomoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha juu cha nyumba iliyo nyuma ya duka la mikate, mtaa unaoteremka kuelekea mtoni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa posta na mshonaji wa nguo za kike. Mama yake alisimulia mara nyingi kwamba siku hiyo mvua ilinyesha hadi maji yakaingia chini ya mlango, na kwamba baba wa mtoto alikuwa ameshika ufagio wakati alipopaswa kushika mtoto. Msomaji hakuwepo, wala hakuwa amezaliwa, lakini habari hii imesemwa mezani kwa miaka mingi kiasi kwamba sasa hata yeye anaikumbuka.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, katika shule iliyo ng'ambo ya daraja la chini, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wavulana kuanzia 1971 hadi 1974, ambako vyeti vyake vinaonyesha hesabu nzuri sana, uchoraji mzuri, na kuimba ambako mwalimu ameacha nafasi wazi. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea barabara na mitaro, akahitimu tarehe 30 Novemba 1977, na siku ya kuhitimu baba yake alimnunulia pimamaji ya mbao ya shubiri moja, kile kifaa chenye kichupa cha maji na kipovu ndani, ambacho marehemu alikibeba katika mfuko wa ndani wa koti kwa miaka arobaini na tano, na ambacho ndicho kilichompa jina tunalomzikia. Alikiweka juu ya kila kitu, juu ya meza za watu, juu ya vizingiti, na siku moja juu ya jokofu jipya la jirani, ambaye mpaka leo anaamini linaegemea kushoto.

Aliajiriwa na baraza la mji tarehe 1 Februari 1978 kama msaidizi wa mpima ardhi, akapandishwa kuwa msimamizi wa mitaro tarehe 1 Mei 1986, na katika ofisi ile ya ghorofa ya chini, yenye dirisha moja linalotazama gereji ya magari ya taka, alikaa hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017. Wenzake wanashuhudia kwamba hakuwa mtu wa maneno mengi, kwamba chai yake aliiacha ipoe, na kwamba akiulizwa kwa nini mtaro fulani umeziba hakutaja bajeti kama wakuu wake, alitaja majani ya mti gani.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na dada yake msomaji, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa juu, katika ofisi ya msajili, saa tano asubuhi, ingawa ukweli ni kwamba alifika saa sita kasorobo, suruali imelowa hadi magotini, kwa sababu njiani aliona kalvati, lile bomba la maji chini ya barabara, limeziba na hakuweza kulipita. Bibi harusi alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akamwambia msajili aendelee kabla hajaona lingine. Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1986, ambaye sasa ni fundi baiskeli na ana karakana yake nyuma ya stendi, na mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1990, mwalimu wa jiografia, pamoja na wajukuu watatu.

Sasa tunafika kwenye ile kazi ambayo baraza halikumtuma. Tarehe 9 Novemba 1996 tarishi wa ofisi yao, aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli kwa miaka kumi na minane, aligongwa na lori kwenye barabara kuu ya bondeni, akafariki papo hapo. Alipita barabara ya malori kwa sababu njia ya zamani ya kando ya mto ilikuwa imeliwa na maji, na ilikuwa imeliwa na maji kwa sababu aliyeichimba aliiacha bapa, na maji yakipata mahali pa kukaa hayaondoki. Jumamosi iliyofuata, marehemu alichukua sepeto, sururu na pimamaji yake, akashuka mtoni peke yake, akaanza kuichimba upya, upana wa mikono miwili, imeinama kidogo upande wa bonde ili maji yavuke na kwenda zao.

Aliendelea hivyo kwa miaka ishirini na tano. Wengine walijiunga naye, wakachoka, wakajiunga wengine, na kufikia mwaka 2015 kulikuwa na kilomita arobaini na tatu kwenye kingo zote mbili za mto, madaraja kumi na moja ya mbao, nguzo mia moja na kumi na nane zenye namba, kijani kwa watembeaji, buluu kwa watembeaji na baiskeli, nyeusi kwa wale wanaoendesha baiskeli za milimani na hawawapendi sana mama zao. Watembeaji walilalamika kwake kuhusu baiskeli, waendesha baiskeli walilalamika kwake kuhusu watembeaji, na wote wawili walilalamika kuhusu mbwa, naye alisikiliza akiwa ameinama anazibua mfereji, kisha akawaambia anayepanda apishwe, akaendelea kuzibua.

Nyumbani mambo yalikuwa na sura nyingine. Mvua ikianza, yeye anatoka, ndivyo ilivyokuwa. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba mumewe ana mke mdogo bondeni, mrefu, mwenye kona nyingi, asiyejua kupika, na kwamba yeye mkubwa kazi yake ni kufua matope ya mwenzake. Kwa miaka yote hiyo hakukanyaga njia hizo hata mara moja, na aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba mtu haendi kumtembelea mke mwenzake.

Kuhusu mwaka 2009, msomaji aliandika aya ndefu, na ni hapa alipofanya kosa la pili, kwa sababu alipoifikia aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaruka moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa, kwa sauti ya mtu ambaye hajaruka kitu.

Ugonjwa wa marehemu, basi, ulianza kujulikana tarehe 6 Aprili 2022, alipopumzika mara tatu kwenye ngazi kumi na mbili za nyumba yake, akapelekwa hospitali, na daktari wa moyo akamweleza kwamba moyo umetanuka na kwamba kuanzia siku hiyo asiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Marehemu aliuliza sepeto ina kilo ngapi. Alilazwa mara nne, na katika mara ya tatu wauguzi walimkuta kwenye korido ya wodi, amepiga magoti na nguo za wagonjwa, pimamaji sakafuni, akawaarifu kwamba sakafu yao inapeleka maji vyumbani badala ya kuyatoa. Walimrudisha kitandani, lakini mkuu wa wodi amethibitisha kwamba fundi aliitwa na sakafu imerekebishwa.

Wiki zake mbili za mwisho mvua ilinyesha karibu kila siku. Kila asubuhi alimuuliza mkewe kama imenyesha, na kila asubuhi mkewe, ambaye alikuwa amefunga pazia mwenyewe, alimwambia hapana, kukavu kabisa. Alifariki tarehe 19 Juni 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, chumba namba saba, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi mitatu na siku tano, mkewe na binti yake wakiwa pembeni.

Familia inatoa shukrani kwa daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ile kwa uvumilivu wao, kwa majirani walioleta viti na kuvipanga bila kuuliza, kwa wafanyakazi wenzake wa idara ya mitaro waliofua na kunyoosha ovaroli zao ili wambebe wakiwa wamezivaa, na kwa watembeaji na waendesha baiskeli ambao leo wamekaa safu moja bila kugombana. Pimamaji, umefika pa tambarare, weka chini mzigo, upumue.

Msomaji alivua miwani na kukaa. Watu walianza kusogeza viti. Dada yake, bila kusimama, alinyoosha mkono, akaichomoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti la msomaji, akaikunjua juu ya goti, akampa.

"Soma," alisema. "Hujamaliza."

Msomaji alinong'ona kwamba huenda hapa si mahali pake, kwamba mambo ya ardhi yanataka faragha, labda chai.

"Umevuka mipaka ya nchi kumi na saba," dada yake alisema, si kwa kunong'ona, "hii safu ya pili ndiyo imekushinda?"

Basi msomaji alisimama tena, viti vikatulia, akasoma aya hii. Kwamba mwaka 1999 Mzee Mizinga aliruhusu njia ipite shambani kwake bila masharti na bila kuombwa mara mbili. Kwamba mwanzoni mwa mwaka 2009 njia hiyo, iliyokuwa ikishuka taratibu kwa kuzunguka, ilibadilishwa ikashuka moja kwa moja, mita themanini bila kona, juu kabisa ya mizinga ya nyuki, na kwamba kila mtu bondeni alishangaa, maana marehemu hakuwa mtu wa kuchimba kitu kilichonyooka. Kwamba tarehe 4 Julai mwaka huo mwendesha baiskeli mmoja alishindwa kufunga breki, akaruka ukuta wa mawe, akavunja mizinga mitatu, na watu ishirini na wawili waliumwa na nyuki, akiwemo yeye mwenyewe, ambaye pia alivunjika mkono. Kwamba Mzee Mizinga alifunga lango kwa mnyororo kwa miezi saba, na katika miezi hiyo saba watu walirudi barabara ya malori, na wawili waligongwa, mmoja wao anatembea kwa gongo hadi leo, na yumo humu ukumbini.

Kwamba marehemu, kwa mikono yake, alichimba upya kipande kile, kona tisa, kila moja ikiilazimisha baiskeli kwenda polepole kama mtu mwenye haya, na kwamba tarehe 12 Februari 2010 Mzee Mizinga alikuja na ndoo ya maji, akapanda hadi juu, akamwaga maji kidogo kwenye kila kona, akaangalia yanakwenda wapi, akashuka, akamwambia marehemu mbele ya binti yake kwamba anafungua, lakini ruhusa hii ni ya mtu mmoja, kwa uhai wake, na akifa anafunga.

Hapo msomaji aliigeuza karatasi, akaendelea. Kwamba jambo moja Mzee Mizinga hakuambiwa, wala mwingine yeyote, kwa kuwa marehemu alikataa lisemwe. Mteremko ule ulionyooka haukuwa fikra yake. Ulikuwa fikra ya shemeji yake, aliyerudi safarini na picha za milima ya watu, akakaa mezani siku tatu akimwambia kwamba huko duniani hakuna tena anayechimba kona, vijana wanataka kasi, na kwamba mwenzake ana mawazo ya mtaro. Marehemu alikuwa mpole kwa ndugu za mkewe. Alichimba, na mkosi ulipotokea alisema kosa ni lake, akalilipa kwa miezi saba ya sururu. Familia kwa hiyo inamwomba Mzee Mizinga, mbele ya mashahidi hawa, asilihesabu kosa lile kwa marehemu, na aruhusu hatua zile mia sita zibaki wazi, kwa watu watakaobaki.

Msomaji aliikunja karatasi. Mzee Mizinga hakusimama.

"Habari ya mteremko ninayo tangu siku ile," alisema. "Marehemu hakuwa mjinga wa kiasi kile. Na wewe ulikuwa pale chini unapiga makofi."

Watu walicheka, hata wabeba jeneza, na msomaji alikiri kwamba ni kweli alikuwa anapiga makofi, hadi nyuki walipofika. Lakini Mzee Mizinga hakucheka. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi, kwamba mvua za wiki hizi mbili zimeziba mfereji wa kona ya tano, maji yanakaa, ukingo umeanza kubomoka, na kwamba yeye ana miaka sabini na minne na mgongo wake ni wa kubebea asali tu. Ruhusa si shida. Alitaka kujua, mvua ikinyesha, nani anakuja.

Msomaji, akiona mlango umefunguka kidogo, aliingia mzima mzima. Alisema familia imelitafakari suala hilo kwa kina, itaundwa kamati, itakuwa na mwenyekiti, katibu na mweka vifaa, na yeye binafsi yuko tayari kuwa mlezi wake, akiwa nchini.

"Nimeuliza nani," alisema Mzee Mizinga.

Binti wa marehemu alianza kunyanyuka, lakini mama yake alimwekea mkono begani na kumrudisha chini, kisha akasimama yeye. Alikuwa ameshika kitambaa mkononi, akakitia kwenye mkoba, akaufunga zipu.

"Mimi," alisema.

Mzee Mizinga alimtazama, mama wa miaka sitini na moja, viatu vyeusi vya kazi ya uuguzi, akamuuliza kama amewahi hata kuiona hiyo kona ya tano.

"Sijaiona. Wiki mbili nimemdanganya mtu kitandani kwamba huko kukavu," alisema mjane. "Nitakwenda kupakausha. Ni saa ngapi nije?"

Mzee Mizinga alivaa kofia yake.

"Lango liko wazi. Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, na usichelewe, jua likipanda nyuki hawataki mtu pale."